Hechibeki ya kispoti ya kununua mkononi: Swift Sport au Golf GTI Mk5?

Mzee_wa_Kona:

Wakuu habari zenu. Nina kasedani kangu ka kawaida nimekachoka, sio kwamba ni kabovu, kanaenda kanarudi hakana shida yoyote, ila hakana raha kabisa, unakanyaga mafuta halafu unasubiri jibu. Sasa nataka nikauze nichukue hechibeki yenye moto kidogo, na hiyo ndo itakuwa gari pekee, kazini nayo, safari nayo, mtoto shule nayo. Mfuko hauruhusu mpya wala ya juzi kwa hiyo nanunua mkononi mwa mtu.

Nimechuja nimebakiwa na mbili. Ya kwanza Suzuki Swift Sport ile ya kodi ZC31S, gia za mkono, jamaa kabadilisha rimu tu, vingine vyote viko kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili VW Golf GTI Mk5 yenye DSG (gia boksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe), nyeusi, imeshushwa chini, ina ekzosi ya kelele na mwenye nayo anasema kompyuta ya injini "imepigwa programu" kwa hiyo ina nguvu kuliko zilivyo nyingine. Bei zao zinakaribiana sana na hapo ndo napata kigugumizi, maana GTI ina farasi 200 hata kabla ya hiyo programu, gari kubwa, viti vile vya drafti, halafu inauzwa sawa na Swift ya farasi 125. Roho iko kwa GTI. Wife yuko kwa Swift, anasema ile Golf inaonekana kama ya mtu anayetafutwa 😂

Wenye uzoefu nisaidieni, hasa mliowahi kukaa na hizi gari muda mrefu, sio wale wa kuziona tu barabarani.

Spana_Namba_10:

Mkuu jibu umeliandika mwenyewe, rudi usome pale uliposema bei zinakaribiana. Zilipokuwa mpya GTI ilikuwa juu ya Swift kwa mbali. Leo zinauzwa sawa, unadhani ile tofauti imeenda wapi? Imehamia kwenye spea na matunzo, na mwenye gari anatafuta wa kumkabidhi.

Nisieleweke vibaya, Mk5 GTI ni gari tamu na injini yake ni imara ukiijua. Ila lazima uijue. Ile ni 2.0 TFSI, ina tabo na mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa sababu petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha, masizi yanajijenga taratibu mpaka gari inaanza kutetemeka ikiwa baridi na kukosa nguvu, dawa yake ni kufungua manifoldi na kusafisha. Halafu kuna kipande kidogo kinakaa kati ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na pampu ya mafuta ya presha kubwa, kazi yake ni kusuguliwa ili kemshafti isisuguliwe. Kikiisha na hujui, inaanza kuliwa pampu na kemshafti yenyewe. Kukikagua ni kazi ndogo tu, unatoa pampu unakiangalia, kama ule weusi wa juu umeisha na chuma kinang'aa weka kipya. Mwulize huyo jamaa mara ya mwisho kilikaguliwa lini, akikutolea macho tu basi umeshapata jibu.

Taimingi yake ni ya mkanda, sio cheni. Mkanda ukikatika pistoni na valvu zinakutana na hapo unanunua injini. Usihesabu kilomita peke yake, mkanda unazeeka hata gari ikiwa imepaki. Na DSG ya gia 6 aliyonayo klachi zake zinaogelea kwenye oili, hiyo oili na filta yake inabadilishwa kila kilomita 60,000. Sasa wewe fikiria ilishapita mikono mingapi na ni wangapi kati yao walikubali kulipia oili ya gia boksi wakati gari inatembea vizuri tu.

Hiyo ni Mk5 ya kawaida ambayo haijaguswa. Ya kwako imeshushwa, ina ekzosi, ina programu ambayo haijulikani kaandika nani. Mimi ningepita.

Binti_DSG:

Mimi ninayo Mk5 na ndo gari yangu ya kila siku kwa hiyo naomba niitetee kidogo kabla fundi hajaizika 😅

Yote aliyosema Spana ni kweli tupu na sina cha kupinga. Ila hakusema kwa nini watu bado tunazing'ang'ania. Ile injini inatoa nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita 280 kuanzia mizunguko 1,800 tu kwa dakika, maana yake huna haja ya kuipigisha kelele, uko gia ya nne nyuma ya lori, unakanyaga, umeshapita. Safari ndefu unashuka mgongo hauumi. Buti lita 350, kiti cha mtoto nyuma kinakaa na mtu mzima pembeni anakaa bila kukunja magoti hadi kidevuni. Swift buti lake ni lita 200 na kidogo, begi la shule na mfuko wa chakula limejaa. Mwenye mtoto hilo sio jambo dogo, na naona ndugu muulizaji hajaligusa kabisa.

Lakini hiyo unayoonyeshwa hapana. Kama roho iko kwa GTI subiri ipatikane ambayo haijachezewa, yenye karatasi za sevisi, ikiwezekana ya gia za mkono. Hizi zilizopigwa programu kitu kinachonitisha sio nguvu yenyewe, ni kwamba mtu aliyelipia nguvu mara nyingi hakulipia breki wala oili. Unakuta gari ina farasi wa ziada halafu tairi zake ni nne za majina manne. Gia boksi yake nayo ina kikomo, ile DSG imetengenezwa kubeba nyutoni mita 350, programu zenye pupa zinagusa hapo au zinapita. Na kuna bima, gari ikiongezwa nguvu bila kuwaambia wanaweza kukugeuka siku ya ajali, soma masharti ya mkataba kabla.

Kwa matunzo mimi nimejiwekea kanuni: mwezi ambao gari haijadai kitu, kile ambacho ningetumia kwa fundi nakiweka pembeni hivyo hivyo. Ikija kudai inakuta pesa yake inasubiri. Mtu ambaye atatoa hela yote kununua GTI abaki na sifuri, bora achukue hiyo Swift na atafurahi zaidi.

Gia_ya_Tatu:

Nimekaa na ZC31S miaka mingi na bado ninayo, ngoja niongee kama mtu wa upande wa pili.

Kwanza mkuu futa kichwani hiyo habari ya 200 dhidi ya 125. Swift inacheza kwenye kilo 1,060 hivi, Golf iko 1,300 na zaidi. Kwenye namba GTI bado inaiacha Swift, tena vibaya, tusidanganyane, sifuri hadi mia GTI inaenda kwenye sekunde 7 hivi na Swift inakuja nyuma yake ikihema. Lakini wewe umesema unataka raha, hukusema unataka kushinda mtu.

Injini yake, M16A, ni 1.6 haina tabo, nguvu yake inafika kileleni kwenye mizunguko 6,800. Chini ya elfu tatu ni gari ya kawaida kabisa, utaenda nayo sokoni na hakuna atakayejua. Ukitaka ikupe kitu lazima uidai. Unakaribia kona, unapiga breki gari ikiwa bado imenyooka, unashuka tatu kwenda mbili, huku unairushia mafuta kidogo ili mizunguko ipande kabla hujaachia klachi, gia inaingia laini bila gari kushtuka, unageuza usukani na pua inafuata pale pale, halafu ukishaona mwisho wa kona unakanyaga yote na sindano inapanda inapita tano, inapita sita, injini inabadilisha sauti na wewe bado uko kwenye mwendo ambao hauwezi kukupeleka jela. Hapo ndo penyewe. Kwenye GTI ukifanya hayo hayo, kona ikiisha uko mwendo wa kunyang'anywa leseni, na kazi nyingi imefanywa na tabo na kompyuta.

Tahadhari moja ambayo watu wa gari zinazovutwa na tairi za mbele hawaambiwi. Hizi hechibeki fupi nyepesi ukiingia kona na mwendo halafu ukaogopa ukaachia mafuta ghafla katikati, uzito wote unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki hazina kitu, mkia unaanza kuja. Hapo watu wanakanyaga breki na ndo wanamalizia kazi. Ukiona umeingia kwa haraka achia mafuta taratibu, usukani usiutupe. Na kama zimeanza kuteleza za mbele, gari inakataa kukunja, kuongeza usukani hakusaidii, punguza mafuta kidogo usubiri zishike. Kajifunzie sehemu ya wazi isiyo na watu, mvua ikiwa imenyesha ni bora zaidi maana yote hayo yanatokea kwa mwendo mdogo.

Udhaifu wake upo. Kelele ndani, barabarani kwa mwendo wa juu unaongea na abiria kwa sauti. Shokapu ngumu, kila tuta unalisalimia. Buti kama alivyosema dada hapo juu, ni aibu. Cheni ya taimingi haina usumbufu kama oili inabadilishwa kwa wakati. Breki za diski zote nne, na spea nyingi za kawaida zinapatikana bila kuzungushwa maana inachangia vitu na Swift za kawaida.

kiatu_cha_mafuta:

Chukueni Toyota RunX Z Aero Tourer mmalize ubishi. Injini ya 2ZZ, farasi 190 bila tabo, gia 6 za mkono, jina la Corolla kwenye kadi ya bima 😎

Spana_Namba_10:

@kiatu ni kweli ile ni nyoka ndani ya majani, ila kupata ambayo haijakamuliwa mpaka ikakauka ni kazi. Ile inabadilisha kemu (zile zinazosukuma valvu) huko juu ya mizunguko 6,000 na kila aliyekuwa nayo alitaka kuisikia ikibadilisha, kila siku, hata injini ikiwa baridi. Za mwanzo mwanzo boliti zinazoshika ule mfumo ndani ya kichwa cha injini zilikuwa zinakatika, ukikanyaga inafika pale haiendi mbele tena. Akiipata nzima aichukue. Muulizaji ana gari mbili mezani, tumsaidie kwa hizo.

Mzee_wa_Kona:

Aisee asanteni sana, nimesoma yote. Jana nimeziendea zote mbili.

Swift: nilifika nikakuta jamaa ameshaiwasha, injini ina moto kabisa, akasema ametoka kuiosha. Inalia vizuri, haitoi moshi, gia zinaingia, ila kutoka tatu kwenda mbili kuna wakati inakwaruza kidogo ukiharakisha. Rimu za kwanza anazo. Tairi zina meno mengi tu.

Golf: nimepanda nimeshuka natetemeka, hiyo kitu inavuta balaa. Taa ya injini haiwaki kabisa, nikachomeka kile kidude cha kusomea kompyuta nilichoazima, ikasema hakuna kosa lolote ila kwenye ukurasa mwingine ikaandika kama vipimo vinne hivi "havijakamilika". Jamaa akasema hiyo ni kawaida. Ni kawaida?

Spana_Namba_10:

Inaweza kuwa kawaida kama betri imetolewa juzi. Ila pia ndivyo inavyoonekana mtu akifuta makosa asubuhi kabla hujafika. Kompyuta ya gari inajipima yenyewe, katalitiki konveta (ya kusafisha moshi), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli, na ili imalize inahitaji gari itembee siku kadhaa, iwake baridi, ipoe, itembee mwendo wa juu na wa foleni. Ukifuta makosa vipimo vyote vinarudi sifuri. Kwa hiyo mwambie atembee nayo wiki moja kawaida halafu utarudi na kidude chako. Akikubali ni ishara nzuri. Akianza kukuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache mteja wa jioni.

Na umesema taa haiwaki "kabisa". Unamaanisha nini? Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa zote za dashibodi lazima ziwake kwanza, ya injini ikiwemo, ndo zizime gari ikishawaka. Kama ile haikuwaka hata hapo mwanzo, basi kuna mtu kaizima kwa makusudi, ama kwenye dashibodi ama kwenye hiyo programu yake.

Mzee_wa_Kona:

Duh. Haikuwaka hata mwanzo. Nilidhani ndo uzima.

Binti_DSG:

Kimbia kaka. Na mimi ndo wa kambi ya GTI nakwambia kimbia.

Gia_ya_Tatu:

Sasa turudi kwa Swift, na hiyo nayo usiipe ubingwa bado.

Injini ya moto inaficha vitu. Mwambie utakuja asubuhi na asiiguse, ukifika weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu kama ni lazima 😂. Iwashe wewe mwenyewe huku mwenzako amesimama nyuma anaangalia bomba. Moshi wa bluu mara ya kwanza inapowaka, au ukiwa unashuka mlima mguu hauko kwenye mafuta halafu unakanyaga tena, hiyo inakula oili. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni maji tu unaisha, mweupe mzito usioisha wenye harufu ya utamu ni maji ya rejeta yanaingia ndani. Sikiliza cheni, sekunde ya kwanza au mbili ikigonga kidogo ikanyamaza ni oili inapanda, ikiendelea kukwaruza hata ikishapata moto hapo bei ishuke au uondoke. Chomoa dipustiki uone oili iko wapi, watu wengi wa hizi injini za mizunguko wanaendesha iko chini ya alama.

Klachi ipime hivi: uko barabara tupu, gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga yote. Mizunguko ikipanda peke yake na gari haiongezi, klachi imeisha. Kisha tafuta uwanja, kunja usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu kushoto na kulia, ukisikia tak tak tak hizo ni joini za ekseli.

Huo mkwaruzo wa tatu kwenda mbili ni sinkro ya gia ya pili (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia), mtu kaishusha kwa nguvu mara nyingi. Wakati mwingine oili mpya ya gia boksi inapunguza, sinkro yenyewe ikiwa imeliwa haitengenezwi na oili. Ukiwa mpole utaishi nayo miaka, ila itumie mezani, ni hoja nzuri ya kushusha bei.

Tairi usiangalie meno peke yake. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ina meno mazuri lakini imeshakauka kama kandambili ya zamani, ikinyesha inateleza, na gari kama hii yote iko kwenye tairi. Mimi ningeanza hapo kabla ya kununua kikorokoro chochote. Rimu za kwanza zichukue, saizi ya kiwandani ni 195/50 R16. Rimu pana zinazotokeza nje zinaharibu usukani na kula beringi, na hizo kubwa zaidi zinaongeza uzito pale pasipotakiwa.

Spana_Namba_10:

Naongezea kidogo kwa Gia. Mafundi wengi mkienda nao kukagua wanafungua boneti wanapiga picha na injini. Mwambie aipandishe juu. Angalia kwenye vizingiti na nyuma ya tairi za nyuma kama kuna kutu au rangi mpya iliyopigwa juu ya rangi. Bushi za mikono ya mbele zikipasuka utaona kwa macho. Boliti za boneti na za mabawa ya mbele, kama rangi yake imechunika, kuna siku zilifunguliwa, uliza kwa nini. Ukishainunua, hata kama kakwambia alifanya sevisi jana, badilisha oili ya injini, oili ya gia boksi na maji ya breki. Maji ya breki yananyonya unyevu, baada ya miaka miwili hivi ukizitumia breki kwa nguvu yanachemka na pedeli inazama hadi chini.

Mzee_wa_Kona:

Nimempigia wa Swift, amekubali niende asubuhi na hataiwasha. Mwenye Golf nilipomwambia habari ya kutembea nayo wiki kwanza akanijibu kuna mteja anakuja jioni 🤣🤣 Spana wewe ni mganga.

Rosa_1300:

Samahani nadandia uzi. Na mimi nina hiyo hiyo ZC31S na naiwekea petroli ya kawaida tu ile ya bei ya chini, inatembea vizuri. Ina madhara?

Spana_Namba_10:

Dada Rosa ile injini imebana sana, mgandamizo wake ni 11.1 kwa 1, na ilitengenezewa petroli ya okteni ya juu. Ukiweka ya chini sensa inasikia injini ikigonga kwa ndani, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili isijiumize, kwa hiyo haifi siku hiyo, ila nguvu inapungua na ulaji unaongezeka, ile nafuu uliyoipata pampuni inarudi huko huko. Weka 95 au zaidi. Ikishapata moto uipandishe mlima ukiwa gia ya tatu mizunguko ya chini, zima redio usikilize, kama kuna kamlio ka njugu zinatikiswa ndo yenyewe hiyo.

Rosa_1300:

Kumbe! Ile sauti ninayo, nilijua ni kinga ya joto ya ekzosi imelegea.

Spana_Namba_10:

Inaweza kuwa zote mbili. Anza na petroli, ukimaliza tenki mbili bado inalia ingia uvunguni na spana ya 10.